Chiriku Anakwenda Kupasuliwa

Alhamisi ya tarehe kumi na moja mwezi wa tisa ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa siku nilipomzika mke wangu, na nilidhani mtu akishapigwa pigo la namna ile, dunia humwachia kidogo apumue. Kumbe wapi!

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti karakanani mbele ya kochi la watu watatu, misumari nimeibana kwa midomo, navuta kitambaa kisilale upande. Nikasikia ndara zake. Chiriku si mtu wa kupiga hodi. Huanza kuongea tangu yuko katikati ya barabara, ukamsikia kabla hujamwona, ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina la yule ndege. Lakini siku hiyo aliingia kimya. Akakaa juu ya mbao tupu za kochi ambalo sijaliwekea sponji, akaweka kiganja chini ya kitovu.

"Fundi," akasema. "Nimekubali. Jumatatu napasuliwa."

Nikatema misumari mkononi. "Wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale ndiyo wapi?"

"Unapajua. Usinilazimishe nipataje."

Nilipajua, ndiyo. Hospitali kubwa, yenye bustani mbele na kibao kikubwa kuliko mlango. "Na daktari?"

"Yule mama. Wa miwani ya kamba."

Nilisimama, magoti yakalia. Nikamwambia, "Yule ndiye aliyempasua mke wangu."

"Najua, Fundi. Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umesinyaa, macho yameingia ndani, lakini bado alikuwa na ule mtazamo wake wa kukuangalia kama anayekusubiri umalize utani. Sikuwa na utani. Nikamwambia neno, likanitoka kirahisi kuliko msumari unavyong'oka: "Basi chagua. Mimi, au kisu chao."

"Si kisu. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera."

"Wakubwa wa pale hata wakiingia na unyoya, watatoka na maiti."

Alinyanyuka taratibu, akajishikilia kwenye ubao. Hakusema kitu. Kwa Chiriku, kutosema kitu ni matusi makubwa. Nikamwona akivuka barabara kurudi salonini kwake, mkono bado uko tumboni, na sikumfuata.

Saloni yake inatazamana na karakana yangu. Tulizoeana kwa sababu ya kiti. Alileta kiti cha wateja kimechanika, nikakivika upya, siku ya pili akarudi nacho. "Fundi, kiti chako kinalia." Nikakikalia, nikajirusha juu yake, kimya. "Hakilii, bibie." "Kinalia nikikalia mimi." "Haya, kaa nikisikie." Akakaa. Tukanyamaza wote wawili, mimi nimeinamisha sikio karibu na miguu ya kiti, yeye ametulia kama anapigwa picha, na kiti nacho kimenuna hakitaki kusema. Ghafla tukaangua kicheko. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Niliona aibu, nikageukia ukutani kama mtu anayetafuta nyundo. Yeye akasema, "Geuka tu, Fundi. Kucheka si wizi."

Tangu hapo kile kiti kililia kila wiki.

Chiriku alikuwa ameshaolewa mara moja. Mumewe alimrudisha kwao kama mtu anayerudisha redio iliyogoma dukani, eti hazai. Baadaye tumbo likaanza kumvimba, na damu yake ya mwezi ikawa haina adabu. Ikija haijui kuondoka. Wateja wakampongeza. "Hongera, Chiriku, naona mambo si mabaya!" Naye anatabasamu, anachana nywele za watu, jasho la maumivu linamtoka mgongoni. Alipopimwa ikaonekana ni uvimbe kwenye kizazi, mmoja mkubwa kama chungwa na wadogo zake pembeni. Yule daktari akamwambia unaweza kutolewa na kizazi kikabaki. Huenda hata mtoto akapatikana, huenda. Hilo neno huenda, Chiriku alilibeba kama yai.

Sasa mimi nina kisa changu na hospitali ile, na nitakisema. Mke wangu alikuwa na uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Walimpasua tumbo zima, kutoka kitovuni kushuka chini. Kidonda kikakataa kupona, kikaoza, na mwenyewe akaondoka nacho. Wakaniambia ni mapenzi ya Mungu, nikakubali, maana shule niliishia darasa la tano na Mungu hana ofisi ya malalamiko. Baada ya mazishi, hospitali hiyo hiyo ikaniita nivike viti vya ukumbi wao mdogo, kuna sherehe inakuja. Niko pale chini navika viti, nikaona mashine kubwa imesimama pembeni, ina televisheni juu yake, imezungushiwa utepe mwekundu wenye ua. Nikamuuliza mlinzi, "Nini hii?" Akasema, "Ya kupasulia watu kwa matundu. Inasubiri mgeni rasmi aje akate utepe." Nikamuuliza imekuja lini. Akanitajia. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia tena. Wakati mke wangu analazwa juu, mashine ilikuwa chini imevaa utepe.

Mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi. Wakubwa walikuwa wanabadilisha tarehe. Ndivyo ilivyokuwa. Halafu mtu aniambie nisahau!

*

Jumamosi asubuhi aliingia mtu ambaye sikumtarajia karakanani kwangu hata kwa ndoto mbaya: shangazi yake Chiriku. Huyu ndiye aliyemlea, na mimi nilipomposa Chiriku alinipa jibu langu mbele ya watu: "Mgane ni kama nyumba iliyoungua. Mtu hahamii kabla moshi haujaisha." Na akaongeza, kwa wasiosikia vizuri, kwamba mimi nimeshazika mmoja na mikono yangu bado ina udongo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Akatafuta pa kukaa. Nikampangusia kiti. Akakikagua kwanza, kisha akakaa kwenye ncha yake. "Sikuja kwa ubaya leo."

"Karibu."

"Wewe humtaki yule daktari. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Mimi pia simtaki. Mtoto wangu si chujio, eti atobolewe hapa, atobolewe pale. Kizazi ni siri ya mwanamke, hakipigwi picha ya televisheni. Wataangalia wangapi? Na wakishaingia mle, nani atahesabu walichotoa?" Akasogea. "Anakusikiliza wewe. Mimi hanisikilizi tena, ananiambia nimepitwa na wakati. Mkataze."

"Nimejaribu, Shangazi. Tumenuniana."

"Jaribu kiume!" Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu." Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. "Akikaa nyumbani Jumatatu, Jumapili inayofuata lete wazee wako. Nitawapokea mlangoni mimi mwenyewe, na vigelegele nitaanza mimi."

Aliondoka, akaniacha nimesimama katikati ya vitambaa. Unajua mtu mwenye njaa akisikia harufu ya chakula haulizi kimepikwa na nani. Mimi nilikuwa na njaa. Nyumba yangu jioni ina sauti ya saa ya ukutani na kikohozi cha mama mkwe, mama wa marehemu, basi. Nilimwona Chiriku ndani ya nyumba ile, ndara zake mlangoni, mdomo wake unajaza vyumba vyote. Nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe, nikavuka barabara.

Salonini mlikuwa na wanawake wawili. Mmoja, mwalimu, alikuwa chini ya kofia ya kukaushia nywele. Mwingine, muuza mitumba wa pale kona, alikuwa amesukwa nusu kichwa. Upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya. Chiriku alikuwa nyuma yake, vidole vinakwenda.

"Chiriku," muuza mitumba akasema, "mwenyewe kaja. Leo anasukwa?"

"Kwa upara gani?" akajibu Chiriku bila kuinua macho. Lakini nilimwona pembe ya mdomo ikicheza, na moyo wangu ukapanda kama jogoo.

Nikasema, mbele yao wote, "Shangazi amekubali."

"Amekubali nini?"

"Nilete wazee. Tuoane."

Vidole vyake vikasimama. Aliinua uso, na kwa kitambo kidogo tu nikaona kitu ambacho nimekaa nikikitafuta usoni mwa mwanadamu tangu nimebaki peke yangu. Mwanga tu, kama mtu amefungua dirisha. Mwalimu akajitoa kwenye kofia yake ili asikie vizuri. Kisha nikaona lile dirisha likifungwa, polepole.

"Kwa nini leo?" Chiriku akauliza.

"Ee, moyo wa mtu hubadilika."

"Wa shangazi yangu? Mimi nimekula mezani kwake miaka yote, Fundi. Moyo wake haubadiliki bure. Amekuomba nini?"

"Hajaniomba kitu."

"Niangalie."

Nikamwangalia. Sikuweza kukaa machoni mwake. Nikasema, "Usiende Jumatatu. Basi tu. Tutatafuta hospitali nyingine huko mbele, tukishaoana, kwa utulivu..."

"Ahaa." Akaweka kitana chini. "Kwa hiyo mmekaa nyie wawili, mkanigawana. Yeye achukue tumbo, wewe uchukue kilichobaki."

"Chiriku, nakupenda."

"Najua unanipenda. Lakini mimi naumwa, Fundi! Hujaniuliza hata mara moja naumwaje. Umewahi? Maumivu yanaanzia wapi, yanaishia wapi, nalala upande gani. Kila nikitaja tumbo langu, wewe unaanza habari ya utepe. Tumbo langu halina utepe! Lina uvimbe."

"Wale wakubwa waliniulia mtu."

"Waliua. Wamekosa, Mungu awaulize. Sasa mimi nife na uvimbe wangu ili uwakomeshe?"

Mwalimu akasema taratibu, "Ukweli huo, Fundi." Nikamwambia yeye arudi kwenye kofia yake. Chiriku akasema, "Usimjibu mteja wangu hivyo." Sauti yake ilikuwa imekwisha kukauka. "Jumatatu usije. Kama una ugomvi na wakubwa, ofisi zao zipo kila siku. Jumatatu ni siku yangu mimi. Nataka kulala pale nikijua nje hakuna mtu anayenisubiri nife ili aseme si niliwaambia."

"Mimi nikuombee ufe?"

"Nenda, Fundi. Tafadhali."

Nilisimama pale kama kochi lililosahauliwa na mwenyewe. Yule muuza mitumba akashika upande wake ambao haujasukwa. "Chiriku mwanangu, pole sana. Lakini nimalizie kichwa, usiniachie matanga huku juu."

Hakuna aliyecheka. Nikatoka.

*

Mama mkwe wangu alikuja kwangu kuomboleza, na hakuondoka. Sikumwambia aondoke. Alikuwa hana mwingine, na mimi sina mwingine, tukawa tunaishi kama abiria wawili waliokosa gari moja. Jumapili jioni nilimkuta amekaa sebuleni anakunja nguo. Alizikunja vile alivyozikunja marehemu, mikono ya shati ndani.

"Yule msusi wako alikuja hapa," akasema.

Nikashtuka. "Lini, Mama?"

"Ijumaa. Ulikuwa kazini. Alikuja kuniuliza mwanangu aliumwaje."

"Akuulize wewe?"

"Angemuuliza nani? Wewe ukianza unaishia kwenye mashine." Akanyoosha kola. "Nikamwambia yote. Kidonda, harufu, zile kelele alizokuwa akipiga wakimbadilisha bandeji. Sikumficha. Nilifikiri ataogopa, aniondokee hapa. Na nilitaka aogope, nisikudanganye."

"Akasemaje?"

"Akalia. Kisha akaniuliza kama marehemu alikuwa na mtu wa kumshika mkono. Nikamwambia alikuwa naye. Mumewe hakubanduka." Akanitazama, macho yake ya uzee yana maji, lakini hayadondoki. "Akasema, 'Bahati yake.' Akaaga, akaenda zake."

Nikakaa chini karibu na rundo la nguo.

"Sikiliza, baba. Mimi simtaki humu ndani. Siku akiingia na mizigo yake, ndiyo siku nitakayojua mwanangu amekufa kweli. Simtaki. Lakini simtakii afe." Akanisukumia zile nguo. "Kesho vaa shati hili. Jingine lina gundi ya makochi."

*

Alisema nisije, nikaenda. Korido ya ile hospitali haijabadilika. Dirisha ni lile lile, taa ya katikati bado inapepesa, na ile harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ikanipokea kama ndugu aliyekukosa muda mrefu. Shangazi alikuwa kwenye benchi, pochi magotini. Nikamwamkia. Akaitikia kwa pua. Nikakaa mwisho wa benchi, kati yetu pangeweza kukaa mtu.

"Ungemkataza," akasema.

"Nilimkataza."

"Hukumkataza vizuri."

Mlango wa wodi ukafunguliwa, wakamtoa Chiriku kwenye kitanda cha magurudumu. Kichwani wamemvika kofia ya kitambaa chepesi, na alionekana mdogo, kama mtoto aliyefungwa kitambaa na mama yake asubuhi ya baridi. Shangazi akamkimbilia, akambusu paji la uso, akamsomea dua. Mimi nilisimama tu. Kitanda kilipofika mbele yangu, Chiriku aligeuza macho. Alinitazama mimi, akatazama shati lililonyooka, akanitazama tena. Nilitaka kumuuliza: unaumwaje? Yanaanzia wapi? Badala yake nikainua mkono. Yeye akafumba macho, na magurudumu yakapita.

Nyuma yake alikuja daktari, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii tangu mazishi. Maneno yangu nilikuwa nayo, yamepangwa, makali. Nikamzibia njia.

"Unanikumbuka?"

Akavaa miwani, akanitazama. Nilitegemea aseme hapana, ili nimkamate hapo hapo. Akasema, "Nakukumbuka. Mkeo alikuwa na mazoea ya kunitania. Aliniambia nitafute mume, miwani yangu ina kamba kama ya mbuzi."

Hilo nilikuwa silijui. Maneno yangu yote yakaparaganyika. Nikasema, "Mashine ilikuwa chini."

"Ilikuwa chini."

"Na wewe ulikuwa unajua kuitumia?"

"Nilikuwa nimeshafundishwa, ndiyo."

"Basi kwa nini?"

Nesi alimwita, yeye akampa ishara asubiri. "Niliomba ifunguliwe. Nikaambiwa nisubiri mgeni rasmi. Nikaomba tena, nikaambiwa nina haraka ya nini. Nikanyamaza. Labda ningepiga kelele. Labda ningekata ule utepe kwa mkasi wangu mwenyewe. Nimejiuliza sana, kaka yangu."

"Angepona?"

"Sijui."

"Wewe daktari, usiniambie hujui!"

"Nikisema ndiyo, nitakuwa nakuua. Nikisema hapana, nitakuwa najitetea. Kidonda kidogo huwa na nafasi ndogo ya kuoza, hilo najua. Yeye angepona au asingepona, hilo sijui." Akavua miwani. "Huyu wa leo nitamtoboa sehemu tatu. Tumbo tunalijaza hewa maalumu, ngozi inainuka, tunapata pa kufanyia kazi. Kamera inapita kitovuni. Uvimbe tunaukata vipande humo humo, tunautoa kidogo kidogo, na mahali ulipokuwa tunapashona. Siahidi miujiza. Kukitokea jambo la kunilazimisha kupasua kubwa, nitapasua, na yeye analijua hilo, amekubali. Unanipisha?"

Nikampisha. Nini tena ningefanya? Nilikuwa nimesubiri mtu mmoja kati yao aseme kweli, na sasa nimeipata, na ilikuwa kama kupewa kiatu cha mguu mmoja.

Tukakaa. Shangazi alitafuna dua zake. Watu walipita na chupa za chai, na mito, na watoto mgongoni, kila mtu ana mtu wake. Niliomba Chiriku atoke salama. Niliomba kweli, mikono imebana magoti. Lakini kila nilipofika mwisho wa ombi, kulikuwa na kitu kimekaa pale, kinanisubiri. Kwamba akitoka salama, basi iliwezekana. Iliwezekana siku zote. Wangekata utepe wao mapema, na mtu wangu angekuwa nyumbani anakunja nguo. Uchungu wangu nimeulea mwenyewe, nimeulaza kitandani upande wa marehemu. Sasa leo nauombea kitu kitakachoufanya ukue zaidi. Nikaogopa. Niliogopa vibaya sana, na nikashindwa kujua naogopa nini hasa.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka anavua barakoa. "Ndugu wa yule msusi?"

Shangazi akasimama. Mimi nikabaki kwenye benchi.

"Kila kitu kimekwenda vizuri. Matundu yale yale matatu, hakukuwa na haja ya kupasua. Kizazi kipo. Anaamka, na ameanza kuongea."

"Kuongea!" Shangazi akapiga kigelegele kimoja, nesi akamnyamazisha kwa kidole mdomoni. Akanigeukia, amesahau ugomvi wote. "Kaongea! Basi ni mzima huyo!"

Tulipoingia, Chiriku alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho yanaelea. Aliponiona, hakuniuliza nimefuata nini. Akasema kwa ulimi mzito, "Fundi. Bega linaniuma."

"Bega?" Nikamgeukia nesi. "Bega! Mmempasua tumbo, bega mmelifanya nini? Nilijua! Nyie watu mna..."

"Taratibu, baba," nesi akasema. "Ni ile hewa. Iliyobaki tumboni hupanda, mtu akaisikia begani. Itaisha yenyewe."

"Hewa ya tumboni iende begani? Imekwenda kutembea?"

Chiriku akaanza kucheka, akajishika tumbo. "Usinichekeshe, Fundi. Mwenzio nina nyuzi."

Nesi akafunua shuka kidogo kukagua. Ndipo nilipoziona. Plasta tatu. Moja kitovuni, moja huku, moja kule, hakuna hata moja iliyozidi kidole changu gumba. Tumbo lingine lote zima, limetulia, linapanda na kushuka. Mimi kazi yangu ni kufungua vitu na kuvifunga. Nililiona lile tumbo jingine, la marehemu, lile nililolikanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, lenye mshono mrefu mwekundu uliokataa kufunga, mpaka nikafikiri kwamba hata mto wa kochi nisingeushona hivyo. Ukutani mwa chumba kile palikuwa na kalenda, nikaikodolea macho ili nisitazame plasta. Haikusaidia. Machozi yakanitoka, yakafika kwenye kola, na sauti nayo ikatoka, sauti mbaya ya mwanaume asiyejua kulia.

"Furaha hiyo," Shangazi akamwambia nesi, huku anajifuta na yeye. "Mwacheni. Anampenda sana mtoto wangu."

Chiriku alikuwa ananitazama. Zile dawa za usingizi zilikuwa bado zinamvuta, lakini macho yake yalitulia juu yangu, yakakaa. Yalinipekua kama anavyopekua nywele za mtu kutafuta pa kuanzia. Akanyoosha mkono wake usio na mpira wa dripu, vidole vyake bado vina harufu ya mafuta ya nywele hata baada ya sabuni zao zote, akanishika kidole kimoja.

"Shangazi," akasema, "kaniombee maji ya kulainisha mdomo."

Shangazi akatoka, na nesi akamfuata.

"Fundi, sitakasirika. Naumwa, sina nguvu za kukasirika. Ila nataka kujua kabla hujaleta wazee wako, maana nikiingia kwenye ile nyumba sitaki kuja kuuliza tena." Akavuta pumzi fupi, akakunja uso kwa lile bega. "Machozi hayo ni yangu, au ni ya mwenzangu?"